Mrejesho: kukadiria maji ya Mto Sabaki kwa setilaiti

Asanteni wakuu mliojibu swali langu: vipi nikiwa Mombasa nikadirie mtiririko wa Sabaki, kaskazini mwa Malindi, kwa GPS na picha za setilaiti, na mbona majibu yanayumba sana?

Tatizo lilikuwa mteremko. Vituo viwili vya GPS vilitenganishwa kwa mita 200. Kwa mteremko wa 0.0005 maji hushuka sentimita 10 tu, ilhali kila kimo kina kosa la sentimita 5 hivi. Ukivitenganisha kilomita 1, mshuko ni sentimita 50 na kosa la mteremko ni kama asilimia 14. Fomula ya Manning, inayokadiria mtiririko kwa upana, kina, mteremko na ukwaruzo wa mto, huchukua kipeuo cha pili cha mteremko, kwa hiyo mtiririko unakosea asilimia 7 tu.

Upana nao: kwenye picha za setilaiti ya Sentinel-2, bendi 3 (kijani) na 8 (infraredi ya karibu) hazikufaa. Tope la Sabaki huakisi infraredi hiyo, maji yakaonekana kama nchi kavu. Bendi 3 na 11 (infraredi ya mawimbi mafupi) zilitenga vizuri, japo pikseli za bendi 11 ni mita 20. Masika mawingu yakitanda, tumieni rada ya Sentinel-1.

Kina hakionekani kutoka angani. Pimeni kwa pondo mkiwa mtumbwini, na mjihadhari na viboko. Upana mita 60, kina cha wastani mita 1.2, mteremko ule wa 0.0005, n (ukwaruzo wa mto) 0.035: yapata mita za ujazo 51 kwa sekunde.

Msipime karibu na mlango wa mto, hasa siku za bamvua. Bahari ikijaa hulaza mteremko na Manning haifai tena.