Tupeane uzoefu: njia ya baiskeli Tanga huharibikia wapi?

Mzawa_Ngamiani: Wadau, sifa za "mji wa baiskeli" tuziweke kando, tupeane vipimo. Mji tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka kwa namba, nusu ya kazi ishafanyika. Naanza na upana. Mchoraji wa barabara anaipa njia ya baiskeli mita 1. Usukani peke yake sentimita 60, bado gunia la mkaa na matenga ya samaki. Chini ya mita 1.5 kwa upande mmoja, msipoteze rangi.

Raskazone2: Hapo kwenye matenga umemaliza.

FundiWavu: Upana si kitu, malizaneni kwanza na mfuniko wa mfereji. Nondo zimelala sambamba na barabara, nafasi kati yake sentimita 4 au 5. Tairi la baiskeli la 28 lina kama sentimita 4. Masika maji yakifunika, mwendeshaji haoni kitu: gurudumu la mbele linazama, baiskeli inasimama, mtu anaendelea. Anatua mbele ya fuso lililo nyuma yake. Akinusurika, rimu imekuwa nane na uma umepinda. Na kisa ni fundi aliyepachika mfuniko alivyoona wepesi! Dawa: ukiwa mraba, unyanyue ugeuze robo duara, basi. Ukiwa mstatili, chomelea bapa (vipande vya chuma bapa) za kukingama kila sentimita 10. Usiweke bapa nene juu, takataka zitaziba na mtaa ufurike.

Chumbageni_Juu: Duh. Robo duara tu?

Mkwakwani: Chuma kitaondoka usiku kwenda kwa wanunuzi wa chakavu. Wekeni zege yenye matundu.

FundiWavu: Zege la matundu membamba linaziba mchanga mvua ya kwanza. Chuma chenye bawaba iliyochomelewa kwenye fremu.

Mkwakwani: Bawaba nayo wanaikata, mkuu.

Bajaji_Kange: Mnasahau sisi. Njia isipozuiwa ni yetu 😂

Mzawa_Ngamiani: Nguzo fupi, nafasi mita 1.2. Bajaji ina upana wa kama mita 1.3, haipiti, kiti cha magurudumu kinapita.

Bajaji_Kange: Na bodaboda?

Mzawa_Ngamiani: Bodaboda hazuiliki kwa nguzo. Nguzo ya kumzuia yeye inamzuia na mwenye tenga.

Raskazone2: Basi matuta.

Mpima_Lami: Tuta si rundo la kokoto alilomwaga mwenyekiti wa mtaa. Kimo sentimita 7.5 hadi 10, urefu kama mita 3.7, lipande taratibu. Kazi yake kupunguza mwendo: gari la kilomita 50 kwa saa linataka karibu mita 28 kusimama kwenye lami kavu, la 30 mita 13 hivi. Pembeni acha upenyo, maji nayo yana safari.

Chumbageni_Juu: Upenyo huo huo bodaboda anapita!

Mpima_Lami: Apite. Kuliko dimbwi linalokula lami.

Mama_Mgandini: Na sokoni baiskeli mtaziegesha wapi? Kila nguzo ya umeme imefungwa minyororo. Bomba la duara la milimita 50, likunjwe kama U iliyopinduliwa, kimo sentimita 80, mguu uzame 30 kwenye zege. Moja linafunga baiskeli mbili. Achanisha mita 1: nafasi ya gari moja inabeba baiskeli kumi.

Bajaji_Kange: Gari la nani mnaliondoa hapo Mgandini? Taja.

Mama_Mgandini: Lililoegeshwa tangu asubuhi bila mwenyewe. Analijua.