Naomba ushauri: chumvi ya mashine ya kulainisha maji ya kisima

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi Buswelu, Mwanza, na ingawa Ziwa Victoria haliko mbali, nyumbani tunatumia maji ya kisima kirefu, magumu kiasi kwamba sabuni haitoi povu na birika huota ukoko mweupe. Tulifunga mashine ya kulainisha maji, ile yenye tangi la chumvi pembeni, nayo ilitusaidia sana.

Nimekuwa nikimimina chumvi laini ya mezani. Juzi, baada ya povu kupotea tena, nilichomeka mpini wa fagio tangini nikakuta chumvi imegandamana juu kama dari, huku chini yake kukiwa na uwazi mtupu, kumbe maji yalikuwa hayaigusi kabisa. Nililivunja tabaka lile polepole kwa kuogopa kutoboa tangi.

Je, chumvi ya mawe inayouzwa sokoni kwa magunia inafaa, au mchanga wake utaziba mashine? Nijaze tangi lote au nusu tu? Tena, mama yangu ana shinikizo la damu, na maji yaliyolainishwa huongezeka sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi. Je, nimtengee bomba la maji ya kunywa lisilopitia kwenye mashine?