Huyu Hermann Maier alianguka vile Nagano akaamkaje?

Wakuu habari za jioni. Jana nimeona klipu ya yule Muaustria, Hermann Maier, Olimpiki ya Nagano 1998, jamaa anashuka mlima na skii spidi kali, kona inamshinda, anapaa kichwa chini miguu juu kama kiroba kimerushwa toka kwenye fuso, anapasua nyavu za usalama anaishia kwenye theluji huko. Afu naambiwa alibeba dhahabu Olimpiki hiyohiyo?? Nieleweshwe, mi barafu naijua ya kwenye friji tu

Jibu 1
Kweli mkuu. Siku 3 baadae akachukua dhahabu ya super-G (mbio ya kushuka kwa spidi yenye kona), kisha ya giant slalom (yenye kona nyingi zaidi). Na huyo alikuwa fundi muashi! Akiwa dogo akademia ya skii walimrudisha home kisa kamwili kadogo na magoti mabovu, basi akawa anajenga, msimu wa baridi anafundisha skii kwa mzee wake pale Flachau

Jibu 2
Nagano cha mtoto. Agosti 2001 kagongana na gari akiwa kwenye pikipiki, mguu nusura ukatwe. Januari 2003 karudi, mwezi huohuo kashinda mbio ya Kitzbühel kule Austria, 2004 kabeba Kombe la Dunia la jumla (ubingwa wa pointi za msimu mzima) mara ya 4

Mleta mada
Duh! Fundi wangu kaniachia ukuta nusu toka Pasaka, kumbe yuko mazoezini 😂

Jibu 3
Noma ila kwa idadi ya mbio za Kombe la Dunia alizoshinda, Stenmark, mwanaskii wa Sweden, kamzidi mbali, 86 kwa 54