Yule jamaa wa spika msituni, leo kanipa SHIKAMOO!

Wakuu, nimeshuka sasa hivi, matope bado yako magotini. Yule jamaa. Mnamjua, msijifanye. Spika kiunoni, kiangazi yupo, masika yupo, ukungu wa kutoona vidole vyako mwenyewe, yupo.

Niko kwenye ile kona kali, nimeshika mti nahema. Nahema kama binadamu yeyote anayepanda mlima! Jamaa anateremka mbio, anakata kona kupitia kwenye miche, muziki mpaka ndege wote wamehamia mlima wa pili. Anasimama, ananitazama usoni: "Shikamoo babu, nikusaidie?"

BABU! Nina miaka 34!

Anayepanda ndiye anapishwa, hilo linajulikana. Yeye kanimwagia kokoto, halafu shikamoo. Na huo mkato wake mvua ikinyesha unakuwa mfereji, udongo wote chini. Haya, hayo tuyaache. Babu! Tena kwa upole, na kichwa kainamisha. Angenitukana ningelala.

Kinyonga_Mkavu: Ulijibu marahaba?

Mleta mada: Hilo halihusu mada.

Kinyonga_Mkavu: Kajibu huyu 😂😂

MguuNje: Miaka 34 unakumbatia mti? Weka picha tuamue wenyewe.

UkunguTu: Bora huyo anasikika. Wa baiskeli je? Breki zimeloa, unashtukia tairi liko kisogoni.

Tairi_Pana: Baiskeli mnatuonea. Wabaya ni nyie mnaokwepa tope kwa kupita pembeni. Njia ilikuwa ya mtu mmoja, sasa lori linageuza. Piteni katikati, viatu vitakauka!

Mzizi: Tope ni tope tu. Mimi nimeinua jiwe nikae, chini yake karatasi za chooni. Kijito tunachochota maji kiko palepale!

UkunguTu: Hao ndio wa kufungwa. Hatua 70 kutoka kwenye maji, shimo sentimita 15 hadi 20, fukia, ondoka. Kazi gani hiyo?

MguuNje: Chimba wewe kwenye mizizi ile, uje utuambie.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada. KANIITA BABU.

Mzizi: Babu subiri, hapa tuko chooni. Hivi koleo mnabeba la aina gani?

Tairi_Pana: Dogo la plastiki. Jepesi, ila udongo ukikauka linapinda.

UkunguTu: La chuma basi, ubebe na uzito wake.