Kupima athari za kubomoa kota na kujenga maghorofa: nianze na nini kabla ya bomoabomoa?

MpimaKota
Wadau, kuna kota za zamani zinabomolewa zijengwe ghorofa: hekta 4, kaya kama 600, wengi wapangaji wa chumba kimoja. Mteja anataka namba moja tu, "faida ya kijamii kwa kila shilingi". Nipime nini mapema, na sampuli iwe kaya ngapi?

Dodoso
Andikisha kaya zote 600 kabla ya tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo anayehamia baada yake hahesabiwi. Usihesabu milango, maana mlango mmoja huweza kuwa na kaya tatu. Magomeni Kota, Dar es Salaam, zilitoka kaya 644, nyumba zilizozinduliwa 2022 ni 656. Kwa kuhesabu milango, mradi umeongeza nyumba 12, ila miaka ya kupanga kwingine katikati haionekani kwenye hesabu hiyo.

Kwa dodoso refu, uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 vinahitaji kaya 235. Ukitarajia robo wapotee baada ya miaka mitatu, anza na 314. Chukua simu tatu: yake, ya ndugu, na ya mtu wa kijijini asiyehamahama. Wanaopotea kwa kawaida ni wapangaji wa kipato cha chini, kwa hiyo ukihoji waliopo ghorofani tu utaona kipato kimepanda, kumbe waliobadilika ni watu.

Tafuta pia mtaa wa kulinganisha, kota za umri uleule zisizo kwenye mpango. Kodi ya chumba ikitoka 60,000 hadi 90,000 kwako, na kule 60,000 hadi 80,000, ongezeko lililoletwa na mradi ni 10,000 tu.

mtaro_wazi
Mazingira: anza na maji. Q = C × i × A ÷ 360: Q ni maji yanayotiririka, C ni sehemu ya mvua isiyonywewa na ardhi, i ni mvua kwa milimita kwa saa, A ni eneo kwa hekta. Mvua ya milimita 60 kwa saa, uwanja wa mchanga na mabati (C 0.5): mita za ujazo 0.33 kwa sekunde. Ukimwaga zege na pevingi (C 0.85) inakuwa 0.57. Kama mtaro wa jirani haujapanuliwa, basi mafuriko umeyahamisha, hujayaondoa. Pima kina cha maji huko chini masika na vuli, kabla na baada.

Joto la setilaiti liache. Pikseli ya joto (kipande kimoja cha picha) ya setilaiti ya Landsat ni mita 100 kwa 100, eneo lako lote ni pikseli nne! Weka vipimajoto kivulini, mita 1.5 kutoka ardhini. Vipima vumbi vya bei nafuu navyo hudanganya unyevu ukipita asilimia 85, chembe huvimba; futa vipimo vya saa hizo.

MpimaKota
Asanteni. Na fidia ya wapangaji?

Dodoso
Kanuni za fidia ya ardhi za Tanzania za 2001 humpa mwenye haki ya ardhi posho ya malazi (kodi ya miezi 36) na usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Mpangaji wa chumba hanufaiki na hayo. Fedha zikiwa za Benki ya Dunia, kiwango chao namba 5, cha kuhamisha watu, kinamtambua hata asiye na haki ya ardhi, hivyo mweke kwenye orodha toka mwanzo.

Kuhusu ile namba moja, mkuu, mpe tatu: ukizipa faida za kijamii bei ya chini, ya kati na ya juu. Kwanza ondoa yale ambayo yangetokea hata bila mradi, kisha punguza hasara zilizohamia kata ya pili, mfano madarasa yaliyojaa. Kwa bei ya chini, namba hiyo ikishuka chini ya 1 (faida ndogo kuliko shilingi iliyotumika), iandike ukurasa wa kwanza, si kwenye kiambatisho.