Naombeni ushauri: moshi wa tumbaku wa jirani

Wakuu, habari zenu. Nimekulia Namtumbo, kwenye tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa bandani kwa moto wa kuni. Nikisikia harufu ya msokoto wa mzee wa chumba cha pili namkumbuka babu na kiko chake. Kwangu hainuki kabisa.

Mke wangu kwao Urambo, wanakolima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto bila kuguswa na moshi. Anasema majani yakitoka bandani yananukia utamu kama asali. Lakini msokoto wa mzee anauita tairi linaloungua! Sigara ya dukani anaivumilia, shisha ya matunda ndiyo hana neno nayo (moshi ni moshi, lakini mwambie sasa).

Tatizo ana mimba ya miezi 4. Kuta za nyumba yetu hazifiki kwenye bati, usiku moshi unamwagikia upande wetu, anatapika mpaka machozi. Juzi niliziba uwazi kwa kanga mbichi. Asubuhi kanga yenyewe ndiyo ikawa inanuka.

Mzee ni mpole, hutuangalizia mtoto tukitoka. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Nipitie kwa mama mwenye nyumba? Kuhama sasa hivi siwezi, kodi nimelipa miezi 6.