Kutotolesha kware nyumbani: kuku, mashine, au ninunue vifaranga?

MgeniBandani:
Wakuu, habari zenu. Nataka kufuga kware wa Kijapani, nipate mayai ya nyumbani. Naona njia tatu: kumwekea kuku mayai aatamie, mashine ndogo ya kutotolea, au kununua vifaranga waliokwisha kukua kidogo. Umeme wangu hukatikakatika. Ipi inamfaa anayeanza? Na kware mwenyewe haatamii?

TotoaNami:
Karibu mkuu. Kware wa kufugwa usimtegemee kuatamia. Amekaa vizimbani vizazi na vizazi mpaka tabia hiyo karibu imemtoka. Anataga alipo na kuendelea na safari zake.

Mimi niko upande wa mashine. Mayai huchukua siku 17 au 18. Mashine yenye feni iweke nyuzi 37.5. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 50 kwa siku 14 za mwanzo, na mayai ugeuze angalau mara tatu kwa siku. Baada ya hapo acha kugeuza, pandisha unyevu hadi 65 au 70, na mfuniko usiuguse tena. Nasisitiza hili la mfuniko, linaua vifaranga wengi mno: mmoja ametoka, mtu anafungua amchukue, unyevu unashuka, utando wa ndani ya mayai mengine unakauka na waliobaki wanakwama. Aliyetoka hafi njaa. Ana kiini cha yai tumboni, kitamtosha siku nzima na zaidi.

MamaMatetea:
Kwa umeme wa kukatikakatika, kuku ana nafasi yake, ila awe wa umbo dogo. Yai la kware lina gramu 10 hadi 12 na ganda lake ni jembamba. Tetea mzito atayavunja. Usichanganye na mayai ya kuku, maana hayo hutoka siku ya 21, na kware wakishatoka mama anaweza kuyaacha. Vifaranga waondoe mapema uwapeleke kwenye joto la taa. Ni wadogo sana, unyayo mmoja tu unatosha kumuua.

TotoaNami:
Kweli dada. Ila mkuu, umeme ukikatika kwa muda mfupi usihangaike: usifungue mashine, ifunike blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, huvumilia zaidi kupoa kidogo kuliko kupata joto kali.

Kizimba_Safi:
Kwa anayeanza mimi nasema vifaranga wa wiki tatu, bila kusita. Kutotolesha kunafundishika, wiki ya kwanza baada ya hapo ndiyo ngumu. Wanazama hata kwenye kisahani cha maji, lazima ukijaze gololi au kokoto. Ukiwatandikia gazeti wanateleza na miguu inatanuka, wengine hawasimami tena. Joto lianze nyuzi 35 hadi 37, kisha ushushe kama nyuzi 3 kila wiki, huku ukiwaangalia wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wamezidiwa na joto.

Wa wiki tatu ameshaota manyoya. Tena, wenye rangi ya asili unawatofautisha kwa kifua: jike ana madoadoa meusi, dume ana rangi ya kutu isiyo na madoa. Kama ni mayai ya kula tu, dume wa nini? Majike watataga bila yeye, wengi wakianzia wiki ya 6 hadi ya 8. Chakula chao kiwe na protini nyingi, asilimia 24 au zaidi mpaka wakue. Cha kuku wa mayai hakiwatoshi.

MamaMatetea:
Na dari ya kizimba iwe chini, sentimita 30 hivi. Kware akishtuka huruka wima kama risasi, na dari ikiwa juu anaigonga kwa kasi ya kujiumiza.

MgeniBandani:
Asanteni sana. Nachukua wa wiki tatu, mashine itafuata. Nikitaka kuja kutotolesha mayai yao, madume wangapi?

Kizimba_Safi:
Dume 1 kwa majike 3 hadi 5. Akiwa na majike wachache zaidi, atawachubua migongo. Mayai yahifadhi mahali pa baridi, si kwenye friji, ncha nyembamba ikiangalia chini, na yaingie mashineni kabla ya siku 7.